Nishani Isiyoshika Sumaku

Sumaku yenyewe ninayo hadi leo. Niliitoa kwenye spika ya redio ya mama yangu iliyokufa, nikaitundika kwa uzi kwenye kibanda changu karibu na stendi ya Nachingwea, pale ninapotoa na kupokea pesa za watu kwa simu. Mtu akija na chuma chake cha Mjerumani, kabla sijamkaribisha, ninaiteremsha. Kikishika, tunaongea. Kisiposhika, ninamwambia akakifanye komeo la choo. Hivyo ndivyo nilivyokuwa naongea na watu. Sijisifu, naeleza tu ilivyokuwa.

Kazi hiyo sikuisomea. Nilimaliza kidato cha nne, nikafeli hesabu, nikazaa. Msimu mmoja wa korosho alikuja mnunuzi kutoka Dar. Wenzake walikimbizana na magunia, yeye alikuwa anauliza nani ana kitu cha vita vya Mjerumani: kifungo, kisu, rupia, nishani. Huko nje kuna watu wanakusanya hivyo vitu, wanavipanga kwenye makabati ya vioo, na kila mmoja anataka ajue chake ni cha mwaka gani na alipewa nani. Yule mnunuzi alinikuta nasoma Kiingereza kwenye simu, akasema, dada, wewe una macho, nipigie picha za wanavyoleta unitumie, takataka uniondolee hukohuko. Akaanza kunifundisha kwa sauti alizokuwa ananirekodia, ndefu, honi za magari zikilia nyuma yake.

Alianza na msalaba wa chuma, kwa sababu ndio wakusanyaji wanaoulilia. Ule wa kweli una vipande vitatu: katikati chuma cheusi, mbele na nyuma fremu ya fedha, na ukipitisha ukucha pembeni unausikia mshono. Wa kughushi umemiminwa mara moja kama kitasa, herufi zake zimevimba. Kwenye kipete cha kuning'inizia kuna alama ndogo ya aliyeutengeneza. Na kile cha katikati, kwa kuwa ni chuma, kinashika sumaku. Hilo la sumaku nililipenda kuliko mengine yote. Lilikuwa rahisi, na lilinifanya nionekane najua.

Watu walinichosha na mwaka. Msalaba ule nyuma una majani na umeandikwa 1813, mbele chini umeandikwa 1914. Kila aliyeuokota alikuwa anaanzia nyuma. Nilikuwa nawaambia, geuza, huko nyuma ni mwaka mfalme wao alipoanza kuutoa, vita vyenu viko mbele. Mzee mmoja wa Ruangwa alikataa kabisa kugeuza. Alikuwa ameshawaambia watu msikitini kwamba ana kitu cha 1813, mimi na simu yangu tusimharibie. Na hapa kwetu, kwa kuwa mji wenyewe ulijengwa na Waingereza kwa ajili ya karanga zao ambazo hazikuota, kila anayechimba shimo la choo anakutana na bolti ya trekta. Zote zililetwa kwangu, zote zikiitwa za Mjerumani. Ndiyo maana nikawa mkali. Au nilikuwa mkali toka zamani, bolti zikanipa sababu.

Sasa niseme la bibi.

Bibi huyu si wangu wa damu. Ni bibi wa mzazi mwenzangu, yule niliyezaa naye binti yangu, akaondoka kwenda Dar kutafuta maisha, akayapata bila sisi. Bibi anakaa Mtua, analima ufuta na mbaazi, mgongo umepinda lakini jembe halijamshinda. Katika ukoo ule wote, yeye peke yake ndiye aliyekuja kumwona mtoto akiwa na siku saba, kwa bodaboda, na kuku chini ya kwapa.

Nishani yake nilikuwa naisikia kabla sijaiona. Kwao msichana akichezwa unyago, siku ya kutolewa nje anavalishwa shingoni, juu ya shanga, nishani ya baba yake bibi, aliyekuwa askari wa Mjerumani. Anacheza nayo mbele ya watu wote, kisha inavuliwa, inarudi kwenye fundo la kanga la bibi. Mama mkwe wangu, kama ningeolewa, alicheza nayo. Dada zake walicheza nayo. Binti yangu alikuwa hajajua hata kusimama vizuri, bibi akimpakata alikuwa anampima shingo kwa vidole na kusema, huyu naye atacheza na ya babu.

Asubuhi ile aliyokuja kibandani, baba wa mtoto alikuwa amejibu ujumbe wangu. Nilimwambia mtoto ana homa, anahitaji dawa. Akaandika maneno matatu: kamtafute baba yake. Nilikuwa bado nimeshika simu nayatazama, mtoto mgongoni anawaka moto, wateja watatu wamejipanga, bibi ndiye huyo anashuka kwenye bodaboda na kifuko cha mbaazi.

"Mke mwenzangu, hujambo? Mume wetu bado hajarudi?"

Huo ndio utani wetu wa siku zote, yeye na mimi wake wa mume mmoja, mjukuu wake. Siku nyingine ningemjibu kwamba akirudi nitamwachia yeye, mimi nimechoka kumfulia.

"Mume wenu kafa," nikasema.

Akacheka. Alidhani ni utani.

Akakaa kwenye ndoo aliyoifudikiza, akafungua fundo la kanga taratibu, akanieleza. Nduguze wa upande wa mke mkubwa wa baba yake walikuwa wameanza maneno. Baba ni mmoja, lakini nishani ilibaki upande wa bibi, na hilo liliwauma. Walisikia kwamba Nachingwea kuna mtu anajua vitu vya Mjerumani, wakasema haya, nendeni mkapimwe, mtaona. Wao wanasema baba yake hakuwa askari, alikuwa mpagazi, alibeba mizigo ya Wazungu kichwani kama punda, na hiyo nishani aliiokota baadaye. Mwaka huo kulikuwa na msichana anayeingia unyagoni. Bibi alitaka kabla hajatoka awe na neno la kuwajibu.

"Siuzi," akasema. "Wewe umesoma. Nisomee tu imeandikwa nini, na ya lini."

Nilipiga picha kwanza, mbele na nyuma, kwa mazoea. Ilikuwa ya mviringo. Nilikuwa sijawahi kuona ya namna ile. Shingo za wasichana na majivu ya kuisugulia vilikuwa vimeilamba mpaka imekuwa laini kama kokwa la ubuyu. Upande mmoja kitu kama taji, upande wa pili majani yamezunguka na herufi ambazo kwa macho zilikuwa vivuli. Ningeweza kuikuza picha nikasoma. Ningeweza kumwambia bibi kaa, nimtumie mnunuzi, tusubiri. Nilikuwa na hasira na ukoo mzima, na wa ukoo aliyekuwa mbele yangu ni huyo mmoja. Nikateremsha sumaku. Ikateleza. Nikaiweka tena. Ikateleza.

"Bibi, hii feki."

"Feki ndiyo nini?"

"Ya uongo. Mjerumani hakuitengeneza hii. Baba yako aliiokota kwenye takataka za mradi wa karanga, akawadanganya." Ningeishia hapo ingekuwa mbaya ya kutosha. Nikaongeza: "Kumbe kwenu uongo haukuanza na mjukuu wako."

Mteja mmoja alicheka. Bibi aliifunga nishani kwenye fundo lilelile, akakaza kwa meno, akainuka kwa kushika ukingo wa meza yangu.

"Asante kwa kunisomea," akasema.

Kifuko cha mbaazi alikiacha. Jioni nilizipika. Tulizila, mimi na mtoto, na zilikuwa tamu. Hilo nalo naliandika kwa sababu limenikaa kuliko mengine.

Ilipita miezi. Siku moja mnunuzi alipiga simu, hakurekodi sauti, alipiga, na alikuwa anahema. Nilikuwa nimemtumia picha nyingi kwa pamoja, za zamani na mpya, nikachanganya na ile ya bibi bila kuangalia. Akauliza ile ya mviringo iko wapi. Nikamwambia ile feki, haishiki sumaku.

Akaanza kunieleza kama unavyomweleza mtoto. Haiwezi kushika sumaku kwa sababu ni ya fedha. Wazungu wao walipewa msalaba wa chuma. Askari wao weusi waliwatengenezea yao, ya mviringo: upande mmoja taji na herufi za mfalme, upande wa pili, ndani ya majani, maneno mawili ya Kijerumani, la kwanza maana yake mpiganaji, la pili stahili. Zilizobaki ni chache, kwa sababu wenyewe walizikwa nazo au walizificha Mwingereza alipoingia. Hata kwa picha yangu mbovu maneno yalikuwa yanasomeka. "Wewe uliipima kwa sumaku?" akauliza.

Nilikata simu. Nikaifungua picha, nikaikuza. Yalikuwa pale. Herufi moja moja, zimechakaa lakini ziko pale, na kama vidole viwili vingetanua picha kwenye kioo cha simu siku ile, zingenitokea. Niliitafuta nishani ya Mzungu shingoni kwa mtu mweusi, nilipoikosa nikamwita mwongo.

Kesho yake nilifunga kibanda, nikapanda bodaboda mpaka Mtua, mtoto mbele yangu. Njia nzima nilikuwa napanga maneno. Nilimkuta bibi uani anapepeta ufuta. Alimpokea mtoto, akampima shingo kwa vidole kama kawaida yake, lakini ile sentensi yake hakuisema. Nilianza kueleza, akanikatisha.

"Ile sinayo. Nimeitoa."

Alinieleza bila hasira, na hilo ndilo lililoniua. Baada ya kutoka kibandani kwangu siku ile aliwaita ndugu wa upande wa pili, akawaambia mlikuwa na haki, msomi amepima. Unyago ulipofika, msichana alitolewa nje na shanga tupu. Watu waliulizana, ya babu iko wapi, na bibi akawajibu kwamba ya babu ilikuwa uongo, haivaliki. Baadaye akapita mtu wa skrepa na baiskeli yake, yule anayebadilisha sufuria zilizotoboka kwa vyombo vya plastiki. Bibi alimpa sufuria mbili na nishani. Akapewa jagi la kijani. Lilikuwa pale pale, juu ya kinu, limefunikwa na kisahani.

Sikumwambia. Hapo ndipo nilipokosa mara ya pili, na mara hii sikuwa na hasira ya kusingizia. Nilimwambia nimekuja kumsalimia tu. Nilitaka kwanza niipate, nije nayo mkononi, nisamehewe kwa kuileta na siyo kwa kusema. Nikamuuliza, kama mtu asiye na haja, yule wa skrepa anapeleka wapi. Akasema Ruangwa.

Ruangwa nilienda siku ya pili. Yadi ya skrepa iko nyuma ya soko, imezungushiwa mabati. Mwenyewe alikuwa mtu mzima mpole, nikamwonyesha picha, akatikisa kichwa. Alisema vitu vidogo vidogo hivyo hawavitazami. Kisha akanionyesha wanavyofanya kazi. Walikuwa na sumaku kubwa iliyofungwa kwenye fimbo, wanaipitisha juu ya mzigo. Kinachoshika kinakwenda upande wa vyuma. Kisichoshika kinakwenda upande wa sufuria.

"Kama haishiki," akasema, "basi ilienda na sufuria, na sufuria ziliondoka na lori la Dar. Huko wanayeyusha."

Hata hivyo nilimwomba nitafute. Alinihurumia kwa sababu ya mtoto, akampa ndizi. Nilichambua lile rundo dogo lililobaki kwa mikono, vifuniko, mapanga ya feni, masufuria yaliyobonyezwa yakawa kama chapati. Nilikata kidole. Nilipata kifungo kimoja cha koti na kijiko. Upande wa pili kijana wa pale alikuwa anapitisha ile sumaku, inalia ta, ta, ta, na mimi nikawa nimeinama nasikiliza. Sumaku yangu na ile zilikuwa zinafanya kazi moja, tofauti ni kwamba ile haina mdomo.

Mnunuzi aliendelea kupiga. Nilipomwambia imeyeyushwa akatukana, kisha akatulia, akasema picha peke yake haina thamani, lakini nizunguke Mtua na vijiji vya jirani, ikiwepo moja zipo nyingine. Nilimwambia atafute mtu mwingine wa kumwondolea takataka. Akaniambia nina kiburi. Hapo alisema kweli.

Ijumaa ile nilirudi Mtua. Sikwenda na maneno niliyoyapanga. Nilikaa chini kwenye mkeka, nikatoa simu, nikaikuza ile picha mpaka majani yakajaa kioo, nikamsogezea. Bibi macho yake yana ukungu. Nikamshika kidole cha shahada, nikakipitisha juu ya kioo, herufi kwa herufi, mpaka mwisho.

"Hili neno la kwanza ni mpiganaji," nikasema. "La pili ni stahili. Ni ya fedha, ndiyo maana sumaku haikushika. Ni ya vita ileile. Walikuwa wanawapa askari weusi."

"Siyo wapagazi?"

"Imeandikwa mpiganaji, bibi. Mimi ndiye niliyesema uongo. Sikujua, na sikutaka kujua. Nilikuwa namkasirikia mjukuu wako."

Kioo cha simu kikajizima, nikakiwasha, kikajizima tena. Nikamwambia naweza kwenda kuichapa picha ile Nachingwea, ikawekwa kwenye plastiki ngumu, wasichana wakaivaa.

"Picha haivaliwi," akasema. Halafu: "Nilimtukana baba yangu. Nilisimama hapa mbele ya watoto wa mke mkubwa nikasema baba yangu mwongo. Amekufa mimi sijaolewa, na sikuwahi kumwambia neno baya hata moja, mpaka juzijuzi."

Niliizima simu, nikaiweka mkekani.

"Ulisema mbele za watu," akasema. "Kaseme mbele za watu."

Alipanga Jumapili. Aliwaita upande wa mke mkubwa na majirani, akapika wali na kuku, kama kisomo, na kwa kweli alimwita na mwalimu wa madrasa amwombee baba yake dua. Kulikuwa na watu kama thelathini uani. Baada ya dua akaniashiria nisimame. Mimi ambaye kibandani mdomo hauniishi, nilizunguka mbali. Nilianza kueleza habari za nishani, za fedha na za chuma, tofauti zake. Bibi akanikata kutoka kwenye mkeka wake.

"Anzia pale ulipokosa."

Nikaanzia pale. Nilisema nilichosema kibandani, neno kwa neno, pamoja na lile la uongo haukuanza na mjukuu wako. Kina mama walishika midomo. Nikasema nilimpima baba yake bibi kwa kipimo cha watu wengine. Nikasema alikuwa askari, ilikuwa yake, alipewa mkononi, na nimeipoteza mimi.

Mzee wa upande wa mke mkubwa, yule aliyekuwa anaongoza maneno ya upagazi, akajikohoza.

"Basi tumejua. Kumbe ndiye aliyekula kuku wa babu zetu wa kwa mama. Mpagazi angalau aliomba."

Watu wakacheka, maana kila mtu huku kwetu amesimuliwa njaa ya vita ile na askari waliopita wakikomba maghala. Bibi naye akacheka, akashika mbavu, akamjibu kwamba kuku wa upande wa mama yao walikuwa wembamba, baba yake alilalamika mpaka anakufa. Nilimtazama akicheka, nikadhani yamekwisha.

Chakula kikaletwa. Bibi akanyoosha mkono juu ya kinu, akaondoa kisahani, akanipa lile jagi la kijani, limejaa maji, na beseni.

"Wanawishe," akasema.

Niliwanawisha wote. Nilianza na yule mzee, nikaja kwa mwalimu, nikazunguka uani mtu kwa mtu, nikipiga goti, namimina, nangoja, nasogea. Lilipokwisha maji bibi alilijaza mwenyewe, akanirudishia. Wengi walijua limetoka wapi. Msichana aliyetolewa mwaka ule na shanga tupu alikuwa wa mwisho, amekaa na wenzake karibu na jiko. Aliinua mikono, nikammiminia. Alinawa taratibu kuliko wote, mpaka viwiko, na mimi nikaendelea kumimina, sikuthubutu kusimamisha mpaka aliposema yeye inatosha.